Mama Makochi aihamisha akiba yake kutoka kwa mkwe

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu lililogeuzwa miguu juu. Mkononi ameshika koleo, na mdomoni amebana misumari minne midogo. Anayetaka kuongea naye inabidi asubiri misumari iishe.

Anang'oa kitambaa cha chini. Linatoka vumbi kwanza, kisha kalamu, kitana, sarafu tatu na hereni moja. Vyote anaviweka kwenye kopo tupu la maziwa, ambalo litarudi kwa mwenye kochi pamoja na kochi lake.

"Watu wanatafuta kitu uvunguni, wanatafuta kabatini, wanashukiana nyumba nzima," anasema. "Kumbe wamekikalia."

Mtaani anaitwa Mama Makochi. Ana miaka hamsini na miwili, ni mjane, na karakana yake ni kibaraza cha nyuma ya duka la mbao, chenye paa la bati na ukuta mmoja tu. Cherehani anayoshonea si yake. Anaikodi kwa siku, na siku isipokuwa na kazi anairudisha mapema ili asilipie bure.

Leo atafunga kazi kabla ya wakati. Saa nne ana miadi benki, kufungua akaunti ya akiba kwa jina lake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu afilisike miaka sita iliyopita. Lakini ukimuuliza kilichomnyima usingizi wiki hii, haitaji benki. Anamtaja mkwe wake.

Ili kuelewa mkwe ameingiaje kwenye habari ya benki, turudi nyuma kidogo.

Mama Makochi alikuwa na karakana ya kweli, yenye kuta nne, cherehani tano na mafundi tisa. Hoteli moja mpya ikaagiza makochi arobaini. Akakopa, akanunua mbao, sponji na ngozi, wakashona usiku na mchana kwa miezi mitatu. Hoteli haikufunguliwa hata siku moja. Mwenye hoteli aliondoka bila kuaga, na simu yake haikupatikana tena.

Makochi arobaini hayapati mnunuzi kwa wiki moja, na deni halijui kusubiri. Benki ikamleta dalali, na mnada ukafanyika palepale karakanani, mafundi wakitazama.

"Dalali alikaa juu ya kochi nililoshona kwa mikono yangu, akawa ananadi huku ameegemea," anakumbuka. "Akalisifia, akalisifia. Nikasema moyoni, haya, angalau leo kazi yangu imeonekana."

Anacheka anaposimulia. Siku ile hakucheka, kwa sababu vitu vyote vilipouzwa deni lilikuwa bado halijaisha. Mahakama ikamtangaza mufilisi. Kwa miaka mitatu, theluthi ya kila alichopata ilikatwa kulipa waliomdai, na kilichobaki kilikuwa cha kodi ya chumba na chakula.

Waswahili husema kuteleza si kuanguka. Mama Makochi anasema yeye aliteleza, akaanguka, na kochi likamwangukia juu.

Miaka hiyo mitatu ilipokwisha, mahakama ilimwachia na kumpa hati yenye mhuri. Akavaa vizuri, akaenda nayo benki. Jina lake lilipoingizwa kwenye kompyuta, likatokea bado liko kwenye orodha ya waliofilisika. Aambiwe nini tena? Aliambiwa arudi orodha itakaposahihishwa. Alirudi mwaka uliofuata, akaambiwa vilevile, na safari hii watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisikia.

Kazi, hata hivyo, ilikuwa imeanza kurudi. Kwa kubadilisha kitambaa na sponji ya kochi la watu watatu analipwa elfu sitini, na akishatoa vifaa na kukodi cherehani anabaki na elfu ishirini na mbili. Kila wiki aliweza kutenga kidogo, lakini hakuwa na pa kukiweka. Pesa iliyo ndani ya nyumba, anasema, kila mwenye shida huisikia ikimwita.

Binti yake wa pekee hana akaunti. Mume wa binti, ambaye ni kinyozi, anayo. Ndivyo akiba ya Mama Makochi ilivyohamia kwa mkwe.

Anayejua uzito wa mkwe ataelewa alichojiingiza. Mkwe unamkaribisha chai, unamuulizia kazi na watoto, basi. Humwombi pesa, hata kama pesa yenyewe ni yako. Mama Makochi alipohitaji kununua sponji, alimtuma binti yake, na binti alimwambia mumewe wakati wa kula, na jibu lilirudi kesho yake kwa njia ileile.

Kila mwisho wa mwezi kinyozi aliandika hesabu kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akampa mkewe ampelekee mama. Mama Makochi aliipokea, akashukuru, akaitia kwenye droo ya sindano bila kuikunjua.

"Nitaanzaje kumkagua mkwe?" anauliza. "Ningeisoma, siku akija kwangu ningemtazama kwa jicho gani?"

Droo hiyo ina karatasi thelathini na nne. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Mwezi huu alipata habari kuwa jina lake limetolewa kwenye orodha. Alifurahi mchana mmoja tu, maana jioni aliona mtego ulipo. Atamwambiaje mtu aliyemtunzia akiba miaka mitatu, bila kudai hata senti, kwamba sasa anaihamisha? Kinyozi ni mtu wa maneno machache. Angeweza kuumia na asiseme, na binti yake akaishi na ukimya huo nyumbani. Kwa ajili hiyo, Mama Makochi anakiri, alikaribia kuiacha benki na mambo yake.

Alimwomba binti amfikishie ujumbe kama kawaida. Binti akakataa. "Hili, mama, mwambie mwenyewe. Mimi simo."

Basi Jumatatu alikwenda kwenye saluni ya mkwe. Alikuta wanaume wanne benchini, akasalimia, akakaa kwenye foleni. Zamu yake ilipofika alikwenda kukaa kwenye kiti cha kunyolewa, kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine. Mkwe akabaki amesimama nyuma yake na taulo mkononi, hajui alifunge shingoni mwa mama mkwe au alirudishe.

"Nilimwambia kwa kupitia kioo," anasema. "Uso kwa uso nisingeweza. Nikamwambia, baba, nataka kufungua akaunti yangu, Ijumaa uje na ile pesa. Akafuta mashine yake, akafuta, akafuta. Akasema, sawa mama."

Hiyo "sawa mama" ndiyo iliyomkosesha usingizi siku nne. Aliigeuza kila upande kama mtu anayetafuta tundu kwenye kitambaa.

Saa nne kasoro dakika kumi, Mama Makochi ameshanawa mikono na kuvaa viatu vya kufunika. Kwenye mlango wa benki kinyozi amekwisha kufika, amevaa shati lililopigwa pasi, ana bahasha ya kaki. Wanasalimiana vizuri mno, kama watu wanaoogopa kukosea.

Dada wa benki anaingiza jina kwenye kompyuta. Mama Makochi anashika ukingo wa meza. Ni sekunde chache, lakini mwandishi wa makala haya anakiri kwamba naye alibana pumzi. Dada anainua uso na kuomba picha mbili na kitambulisho, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea.

Kinyozi anaifungua bahasha na kuhesabu mbele ya wote wawili. Laki sita na elfu arobaini. Mama Makochi alikuwa amekisia laki nne. Anazitazama noti na macho yanamlowa, anajifuta kwa mtandio na kusema ni vumbi la makochi.

Fomu ina kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa mwisho dada anamuuliza nani atalipwa akiba hii ikitokea mwenye akaunti amefariki. Anaeleza kwamba wengi huandika jina la mtoto.

"Andika la huyu," anasema Mama Makochi, na kumwelekezea mkwe kidevu.

Dada anauliza kama hana mtoto.

"Ninaye, na ninampenda. Lakini mtoto nilipewa tu, sikumchagua. Huyu nimemkabidhi pesa miaka mitatu, sijamhesabia hata siku moja, na leo imekuja yote. Andika huyu."

Dada anamsogezea kinyozi fomu ili aandike namba ya kitambulisho chake. Kinyozi haandiki mara moja. Anaishika kalamu, anatazama karatasi, na sauti inapomtoka ni ndogo kwa mwanaume wa umbo lake.

"Mama, mimi siku zote hizi nilijua umenifukuza kazi."

"Hapana, baba. Nimekupandisha cheo."

Kinyozi anacheka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anamtazama mama mkwe wake bila kioo katikati. Anaandika namba, anakosea tarakimu moja, anaomba fomu nyingine.

Nje, Mama Makochi anaeleza mpango wake. Cherehani nzito ya kushonea ngozi, iliyotumika lakini nzima, inauzwa milioni moja na laki mbili. Akitenga elfu kumi na moja kila wiki, anaamini mwakani wakati kama huu ataacha kukodi, na amwite tena fundi mmoja kati ya wale tisa.

Mkwe anamkumbusha kwa upole kwamba pesa hiyo sasa ina mrithi.

"Mrithi akae asubiri," anasema Mama Makochi, huku akiikunja risiti. "Mimi nina cherehani ya kununua."