Wiki Yangu ya Kuuza Safari

Wanafunzi wananiita Ikweta kwa sababu ya mkanda wangu unaopita katikati ya tumbo, na sina la kujitetea, maana tumbo lenyewe ni duara. Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa. Nimewaeleza watoto wa watu habari za jangwa, theluji na misitu ya mvua, ilhali mimi mwenyewe mbali kabisa nilikowahi kufika ni harusini kwa binamu yangu, mwendo wa saa nne kwa basi, nikatapika mara mbili.

Mwaka huu nikachoka. Nikamwambia mke wangu kwamba naacha ualimu, nakuwa wakala wa safari kama kaka yake.

"Mwacha mbachao kwa msala upitao," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika, bado kuifikisha kwa mkuu wa shule kabla shule hazijafunguliwa. Tukakubaliana nijaribu kwanza wiki moja ya likizo ofisini kwa shemeji, ndipo niamue.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri: meza mbili, feni inayogoma kugeuka kushoto, na picha ya ufukwe iliyopauka. Nikamuuliza shemeji aliipiga wapi.

"Ilikuja na kalenda," alisema. Kumbe hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Kinyozi hajinyoi.

Jumatatu walikuja maharusi wakitaka kisiwa cha kupumzikia. Nikawaambia kisiwa hicho kimekaa juu ya volkano. "Lakini imelala tu," niliwatuliza, "haijafa." Nikachukua karatasi nikawachorea. Bibi harusi ndiye aliyetangulia kusimama. Jumanne nikampa mfanyabiashara mmoja takwimu za vimbunga vya miaka kumi, naye akaona mazungumzo yake yanaweza kumalizwa kwa simu.

"Shemeji," alisema kaka wa mke wangu, mikono kichwani, "mteja anataka kwenda. Hajaja kufanya mtihani!"

Sikusikia la mwadhini wala la mteka maji. Jumatano akaja mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Binti yake alikuwa amejifungua katika nchi ya baridi, naye alitaka kwenda kumbeba mjukuu. Nikamweleza baridi hiyo hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, na masikio yanavyoweza kufa ganzi. Akakusanya mkoba wake akaondoka bila kuaga. Shemeji naye alitoka kwenda kunywa chai, asije akanitukana.

Ijumaa yule mama alirudi na koti la mtumba mkononi, zito kama godoro.

"Baba, binti yangu kila siku ananiambia njoo, njoo, baridi hajanitajia hata kidogo," alisema. "Nikatie tiketi wewe, usiyenificha kitu."

Nikamkatia. Shemeji alipiga makofi, akasema sasa nimeiva. Mama akaomba nimwonyeshe anakokwenda kwenye ramani. Akapima kwa shubiri yake, akacheka: "Kumbe hapa tu!"

Nilicheka naye, kisha nikamwonea wivu. Huyu hajui kaskazini wala kusini, na wiki ijayo angekanyaga theluji ambayo mimi nimeichora ubaoni miaka kumi na tisa. Nilitamani kumnyang'anya lile koti.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba shemeji amenikubali, lakini kazi ile siitaki. Nilikuwa nimejidanganya. Sikutaka kuuza safari, nilitaka kusafiri.

"Kwenda wapi?" aliuliza.

"Popote."

Nilingoja anicheke, maana nilistahili. Hakucheka. Aliketi kitandani, akanitazama.

"Baba watoto, shule zinafungwa mara tatu kwa mwaka," alisema. "Miaka yote hii nangoja uniambie twende."