Siku Tupu Nilizozijaza Sifuri

Watu wa Buterere wanasema mpunga wa shangazi yangu uliharibiwa na mvua. Si kweli. Niliuharibu mimi.

Nasoma takwimu hapa Bujumbura. Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kukadiria mvua ya kila siku kwa njia iitwayo mnyororo wa Markov. Unaangalia kama leo ni kavu au imenyesha, kisha kumbukumbu za miaka iliyopita zinakupa uwezekano wa kesho.

Kumbukumbu za kituo cha mvua cha upande wa Buterere zilikuwa na mapengo, siku ambazo hakuna aliyeandika kitu. Nikajaza sifuri kote, yaani haikunyesha. Sikumuuliza mtu! Nilitaka kumaliza haraka. Mnyororo ukatoka safi kabisa: leo kavu, kesho karibu kila mara kavu. Nilijivuna mno, jamani.

Shangazi alikuwa amevuna. Kwao huanikwa kile tu ambacho mikono ya nyumbani inaweza kukikusanya wingu likitokea. Akanipigia simu.

"We mwenye kusoma mvua, mi nianike mpunga yote, ao kidogo kidogo?"

"Anika yote, shangazi. Leo kukavu, na kesho vile vile."

"Uko na hakika? Mawingu ya huku hainipendezi."

"Shangazi, mawingu haina diploma!"

Akacheka sana. "Aya, musomi wangu."

Akaanika wote, hata wa mbegu. Kesho yake akaenda harusini Carama, moyo umetulia. Mchana mvua ikashuka. Ee Mungu wangu, mvua gani ile!

Asubuhi iliyofuata nilikimbilia kwake. Njiani nikakwama: barabara imefurika, watu wamesimama huku na huku, hakuna anayevuka. Kituo cha mvua kiko mbele zaidi, kwenye barabara hiyohiyo. Hapo ndipo nilipoelewa. Anayekwenda kusoma kipimo cha mvua naye hukwama hapa siku kama hii! Baadaye niliuliza kituoni, wakakubali. Mapengo mengi yalikuwa siku za mvua kubwa kuliko zote, nami nilikuwa nimeziandika kavu.

Maji yalipopungua nikamkuta shangazi akichambua kilichobaki. Mpunga mwingine ulikuwa umesombwa, mwingine umeanza kuchipua.

"Ni Mungu," akasema.

"Apana, shangazi. Ni mimi." Nikamweleza yote.

Akaendelea kuchambua. "Ungesema tu haujui, mutoto wangu. Mi ningeanika kidogo."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Msimu huu amepanda mbegu ya kuomba kwa majirani, na siku hizi anaponipigia simu ananisalimu tu. Habari za mvua haniulizi tena.

Kazi nimeirudia upya. Mwalimu ameisifu. Sihisi kitu.

Wewe unayekaa Kinindo au popote, kompyuta mbele yako: ukikuta siku tupu, usiijaze, nakusihi! Uliza kwanza ni nani hakufika, na nini kilimzuia. Kama hujapata jibu, iache tupu, na mtu akikuuliza kuhusu kesho, mwambie hujui.