Niliagiza Kalamu

Mkiniona nimekaa kimya watu wakihadithiana aibu zao, msidhani mimi sina yangu. Ninayo, tena kubwa, ila huwa siisimulii kwa sababu kila nikiisimulia watu hucheka pale pale ambapo mimi nataka kulia, na mpaka leo sijui ni nani kati yetu mwenye makosa. Lakini leo mmenibana. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nasoma chuo cha ualimu huko Thika. Baba alikuwa mfanyakazi wa kinu cha kahawa kwenye shamba la Mzungu nje ya Ruiru, na sisi Wajaluo tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, mlango unatazamana na mlango, ukikohoa jirani anakuuliza umekunywa dawa gani. Karo yangu haikutoka kwa baba, angetoa wapi? Ililipwa na kamati ya wazee wa kanisa, na sharti lao lilikuwa moja tu, kwamba kila muhula nipite masomo yote. Ukianguka mara moja unaonywa na kupewa mtihani wa kurudia. Ukianguka tena, msaada unachukuliwa anapewa mtoto wa mtu mwingine, na hao walikuwa wengi wakingoja.

Basi mimi, mwalimu mtarajiwa, ambaye mama alikuwa ameshaanza kuniita "mwalimu wangu" mbele ya laini nzima, nikaanguka hesabu. Sikuwa mjinga wa hesabu (au labda nilikuwa, nyinyi mtaamua), lakini nilianguka. Nikaambiwa nitarudia mtihani siku fulani ya Jumamosi, na wazee wa kamati watakuja siku hiyo hiyo kutuona sisi tunaosomeshwa nao, matokeo watayapata papo hapo kabla hawajaondoka. Nyumbani sikusema neno. Nilijiambia nitapita, halafu nitasimulia baadaye kama mchezo.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo kalamu yangu ikaanguka kwenye sakafu ya simenti, ncha ikapinda, wino ukawa unatoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Na sheria ya chuo ilikuwa mtihani unaandikwa kwa wino, penseli hawataki hata kuiona. Sasa hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ule mdogo kabisa, ambao kama ningeweza kuurudisha, leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa kijana wa Kikamba anaitwa Mutua, na Mutua alikuwa na kalamu mbili, nazijua, naziona kila siku. Lakini nilikuwa nimemnunia. Aliponisikia nimeanguka hesabu alicheka, kicheko kifupi tu, hata sijui kama alikuwa ananicheka mimi, nami nikaapa moyoni sitamwomba chochote mpaka tumalize chuo.

Badala yake nikamkumbuka Kamau. Kamau alikuwa dereva wa lori la shamba letu, Mkikuyu mmoja mcheshi, kila mara analeta magunia ya kahawa Thika na kurudi Ruiru, na barabara yake inapita mbele ya lango la chuo. Kuandika barua sikutaka, kwa sababu baba hajui kusoma na barua zake zilisomwa na karani wa shamba, na karani akijua nimeanguka hesabu basi mpaka jioni mbuzi wa laini wameshajua. Nikasimama langoni, nikampungia Kamau mkono, akapunguza mwendo tu. Siku hizo za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, dereva Mkikuyu hasimami ovyo barabarani, kibali chake kilisema anatoka wapi anakwenda wapi, na askari hawakuwa na utani. Nikakimbia kando ya lori huku nampigia kelele, injini nayo inanguruma, nikamwambia amwambie baba aniletee kalamu Jumamosi, wazee wa kamati watakuwepo, bila kalamu nitafukuzwa. Kamau akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Na Kamau, Mungu amrehemu, alifikisha kila neno. Hakupunguza, hakuongeza. Ila ndugu zetu Wakikuyu, nyinyi mnajua, L na R kwao ni watoto wa mama mmoja, ukimwita huyu anaitika yule. Na kwao hiyo kalamu jina lake ni karamu tangu mababu walipoiona mara ya kwanza. Baba alinisimulia baadaye alivyoambiwa, na nimeyashika maneno yale kama sala:

"Mzee, kijana yako anasema umpelekee karamu Jumamosi. Wazee ya kamati watakuwa huko. Bila karamu, anafukuzwa."

Baba akamuuliza, karamu? Kamau akasema, karamu, mzee, usisahau, ni muhimu sana.

Ninyi mngeelewa nini? Baba alikaa kitandani akamwambia mama kwamba wazee wanataka kulishwa, na wasipolishwa mtoto atarudi. Mama hakuuliza swali. Alikuwa na kuku wake, wale ambao mayai yao ndiyo yaliyotununulia sabuni na chumvi, akawachinja wote. Akautoa mchele uliokuwa unangoja Krismasi. Sufuria kubwa hakuwa nazo, akaazima huku na huku, na kila aliyemwazima alielezwa kwa fahari kwamba wazee wa kamati wanakwenda kula chakula chetu chuoni. Yaani laini nzima ilijua kuhusu karamu yangu isipokuwa mimi mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nikasimama langoni mpaka kengele ikalia, baba hajaonekana. Nikaingia chumba cha mtihani mikono mitupu, nimekaa natazama karatasi. Mutua naye alikuwa anarudia somo lake, yuko hapo hapo kando yangu. Akanitazama, akatazama meza yangu, akatoa kalamu ya pili akaisukuma kwangu.

"Shika," akasema kwa sauti ya chini. "Si ungesema tu."

Nikashika. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nikashika, nikaanza kuandika, na niwaambie ukweli, zile hesabu zilikuwa zinanijia. Ya kwanza nikaimaliza. Ya pili nikaimaliza. Nikiwa katikati ya ya tatu nikasikia nje sauti ya mwanamke anaimba wimbo wa kanisani kwa Kijaluo, na kalamu ikasimama, kwa sababu sauti ile ningeijua hata kaburini.

Nikainuka kidogo nikachungulia dirishani. Baba alikuwa amevaa koti lake la pekee, lile la ndoa na mazishi, kabeba sufuria begani. Mama kabeba nyingine kichwani. Mbele yao wazee wa kamati wamesimama uwanjani na mkuu wa chuo, na mwenyekiti, mzee mmoja mkali ambaye hata chai ya mtu hanywi asije akasemwa, amenyoosha kidole kama anafukuza mbwa. Baba akatua sufuria, akavua kofia, na maneno yake yakaingia mpaka ndani ya darasa:

"Wazee, karamu mliyoagiza nimeileta. Naomba mtoto asifukuzwe."

Darasa lote likasikia. Uwanja wote ukasikia. Mwenyekiti akauliza kwa sauti ni nani miongoni mwao aliyeagiza hongo kwa maskini huyu, wazee wakaanza kutazamana, mama akaacha kuimba. Na mimi, badala ya kukaa nimalize hesabu yangu, nikatoka mbio. Msinisifu. Sikutoka kwenda kumtetea baba. Nilitoka ili wanyamaze.

Nikafika mbele yao nahema, kalamu ya Mutua bado iko mkononi, nikaieleza habari yote, kwamba mimi niliagiza kalamu, hii hapa, ya kuandikia, wala si chakula. Kisha mzee mmoja wa kamati, Mkikuyu mwenye mvi, akaniangalia mkono akasema kwa upole kabisa, "Lakini hiyo ndiyo karamu." Hapo walicheka. Wazee walicheka, wanafunzi madirishani walicheka, mkuu wa chuo, Mzungu, akatafsiriwa maneno naye akacheka, hata mwenyekiti alijifuta machozi. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ile kalamu, halafu anaitazama sufuria, kama mtu anayejaribu kupatanisha hesabu isiyokubali.

Kicheko kilipokwisha mkuu wa chuo akaniuliza nani amenipa ruhusa ya kutoka kwenye mtihani. Sheria ilikuwa ukitoka bila ruhusa hurudi, na karatasi inasahihishwa ilivyo. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, nadhani hata alihuzunika, lakini alisema wakinihurumia mimi watawaambia nini wale waliokatiwa msaada kabla yangu. Wakakaa kidogo faraghani, wakarudi na neno moja: nimeanguka, msaada umekatwa. Nikaenda bwenini kufunga sanduku langu. Chakula hawakukigusa, kwa sababu sasa kingekuwa hongo kweli.

Kamau alitupitia alasiri akirudi Ruiru. Tukapanda nyuma, sisi watatu na zile sufuria na sanduku. Tulipokaribia, tukaona mahali ambapo miti ya kahawa inaanzia, ndipo mama akasema sufuria haziwezi kurudi zimejaa. Watu waliotuazima watauliza. Baba akagonga paa la lori, Kamau akaegesha kando, ndani ya njia ya shamba ambako askari hawafiki.

Tukala. Tulikaa kwenye nyasi tukala wali wa Krismasi na kuku wote wa mama, baridi, na baba akawa anatumegea nyama anatuwekea mbele, kuleni, kuleni, huku yeye mwenyewe anameza kama anayemeza dawa. Mama alikuwa analia na kutafuna. Kamau alikaribishwa akala vizuri, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Aliposhiba akanigeukia, akaniuliza kwa nia njema kabisa:

"Na ile karamu, uliipata?"

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Kalamu ya Mutua ilikuwa humo, sikumbuki nimeitia saa ngapi, na wino ulikuwa umelowesha shati langu lote upande wa kifua.

Baba akanijibia. "Aliipata," akasema, akanisogezea kipande cha mwisho.

Jioni ile sufuria zilirudi kwa wenyewe tupu na safi, na baba akawaambia majirani wazee wamekula wakashiba. Mimi ikasemwa nimekuja likizo. Likizo hiyo ndiyo niliyomo mpaka leo, maana ualimu sikuupata tena, niliingia kinuni kando ya baba nikaosha kahawa. Baba hakulitaja jambo lile hata mara moja mpaka anakufa, na ningefurahi kama angenigombeza.

Kwa hiyo mkiniona siku hizi nikikosa kitu kidogo, kiberiti, kisu, hata chumvi, namwomba aliye karibu yangu, hata kama tumenuniana toka mwaka juzi. Naomba papo hapo, kwa sauti, wala sitaki mtu wa kunipelekea neno. Mutua nilimtafuta baadaye nimrudishie kalamu yake, nikaambiwa amepangiwa kufundisha mbali. Hesabu.