Maiti wa Mama Koplo

Mwanamke wa kuniamrisha mimi hajazaliwa. Karagwe nzima wanalijua hilo.

Sasa niwasimulie siku niliyogeuka maiti, na mwanamke aliyeniamrisha nifufuke.

Ni mwaka 1992, Kihanga. Nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina mdomo tu.

Mama Koplo alikuwa mjane wa mwanajeshi. Mumewe, Koplo Ildefonsi, aliondoka na jeshi wakati wa vita vya Uganda, hakurudi. Mama wa watu akalia, akajifuta, akaanzisha chama cha machela. Maana gari la wagonjwa sisi tulikuwa tunalisikia redioni.

Mgonjwa akizidiwa, vijana begani, mbio hospitali. Nusu ya watoto wa kijiji wamezaliwa salama kwa sababu ya yule mama. Mvi zimejaa kichwa kizima, bado anatupigisha mazoezi kama makuruta.

"Theoneste, huo si mkungu wa ndizi. Ni mtu huyo," anamkaripia mwenzangu."

Siku hiyo ya mazoezi nikajifanya nimeteguka mguu.

"Pole mwanangu," akasema. "Basi leo wewe ndiye mgonjwa. Panda."

Raha iliyoje. Wenzangu jasho linawatoka, mimi nimelala kama mtoto wa mfalme. Tukafika njia panda, tukageuza kurudi. Jua likawaka, nikajifunika blanketi mpaka usoni.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu mgonjwa hubebwa uso wazi, kwenda hospitali. Anayerudishwa nyumbani kafunikwa uso, huyo dawa hahitaji tena.

Wapita njia wakaanza kutua mizigo na kufuata nyuma, kimya kimya. Hakuna aliyeuliza. Msiba hausimamishwi njiani kwa maswali.

Nikataka kujifunua. Mara nikasikia sauti ya mzee Byarugaba, akitokea kwenye shamba lake la kahawa.

Huyu ndiye baba yake Anonciata, binti niliyempenda mpaka chakula hakipiti. Nilituma mshenga, mzee akajibu kwamba binti yake haolewi na redio. Na Jumapili iliyofuata angempokea mshenga wa Cassian, mwalimu mwenye baiskeli.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Rwegasira," mama mmoja aliyeniona tukienda akanong'ona jina langu.



"Masikini," mzee akasema, anatembea ubavuni kwangu. "Nilimnyima binti kwa ukaidi wangu tu. Angekuwa hai, ningempa."

Jamani, nani angefufuka hapo?

Nikabana pumzi. Mzee akaendelea: kijana mwenye adabu, mchapakazi. Mchapakazi, mimi? Karibu nimlilie huyo marehemu.

"Machela, simama. Tua."

Ilikuwa sauti ya Mama Koplo. Blanketi likavutwa.

"Rwegasira, mguu sawa!"

Nikajikuta nimesimama wima, mikono mapajani, mguu mzima kama wa mbuzi. Waombolezaji wakatawanyika kwenye migomba. Kuna mama aliacha viatu, akaacha na mume.

Mzee Byarugaba peke yake hakukimbia. Alikuwa ameshainua fimbo.

Mama Koplo akaingia katikati.

"Mzee wangu, mume wangu hakurudi hata kwenye machela. Huyu karudi na miguu yake. Neno ulilompa akiwa maiti, utamnyima akiwa hai?"

Fimbo ikashuka polepole.

"Sitamnyima," mzee akasema. "Ila anijibu jambo moja. Alikuwa amelala, au alikuwa ananisikiliza? Mwanangu simpi mjanja."

"Nililala fofofo, baba. Sijasikia hata neno."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akaanza kutabasamu.

Ningependa niishie hapa, niwaachie somo: msifuni mtu angali anatembea, msingoje afunikwe.

Lakini Theoneste, aliyebeba upande wa kichwani kwangu, akajikuna shingo.

"Kama ulilala," akasema, "ni nani aliyeninong'oneza nipunguze mwendo, mzee hajamaliza?"