Adhuhuri ya Bi Moza

Kibwana alikuwa mchelewaji, tena mchelewaji asiyeona haya. Siku zile za Mwingereza, Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, alimwita barazani Kivinje kwa kesi ya mpaka wa shamba. Kibwana akafika watu wamekwisha tawanyika, shamba limekuwa la mwenziwe. Ukimlaumu, anacheka: "Kawia ufike." Utamjibu nini mtu kama huyo?

Dada yake, Mwahija, ndiye aliyempatia dawa. Jambo likiwa la alasiri, alimwambia la adhuhuri, na Kibwana alitokea alasiri jasho likimtiririka, watu wakasema mashaallah, leo kawahi. Dawa ilifanya kazi miaka na miaka, mpaka Idi iliyopita, mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi akaipasua siri mbele yake. Kibwana alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe wewe, dada! Haya, nimekujua!"

Mama yao, Bi Moza, alikata roho alfajiri moja nyumbani kwa Mwahija, Kilwa Kisiwani. Usiku wake alimshika binti yake mkono, akamuusia neno moja tu: "Kaburini anipokee Kibwana. Asinipokee mkwe."

Mkwe ni Rashidi, mume wa Mwahija. Walikaa ua mmoja miaka yote, na Bi Moza hakupata kumwonyesha uso. Akisikia kikohozi chake tu, huvuta kanga akageukia ukutani. Hiyo ndiyo heshima aliyolelewa nayo. Na mwanamke akiteremshwa kaburini hapokewi na yeyote tu, hupokewa na maharimu zake, wanaume asioweza kuolewa nao. Bi Moza alikuwa na hao wawili basi, mwana na mkwe.

Mwahija akamtuma jirani avuke mpaka Masoko, alikokaa Kibwana. "Mwambie mama hatunaye. Anazikwa adhuhuri."

Jirani alirudi peke yake, jua halijawa kali. "Nimemkuta. Kalia sana, maskini. Kasema anakuja."

"Mbona hukuja naye?"

"Kaniambia nitangulie."

Mwahija na wanawake wenzake wakamwosha mama, wakamvika sanda, na kila mara Mwahija alitoka mlangoni kutazama njia ya pwani. Hapana mtu. Akarudi ndani, akatoka tena.

Adhana ya adhuhuri ilipolia ndipo alipoelewa, akajishika kichwa. Yarabi! Adhuhuri aliyompelekea ni ya kweli, naye Kibwana ataihesabu alasiri! Kwa nini hakumwambia jirani aape kuwa safari hii ni adhuhuri kweli?

Watu waliposwali, akamwendea Mwalimu Fakihi, aliyesimamia mazishi. "Shikamoo, Mwalimu. Nakusihi, tumngoje ndugu yangu."

"Marahaba, mwanangu." Wakangoja. Jua likapinda, watu wakaanza kunong'ona, mwishowe Mwalimu akasimama. "Inatosha. Maiti hawekwi. Rashidi, utampokea wewe."

"Mimi?" Rashidi alibadilika rangi. "Mwalimu, namwonea haya mama."

"Haya ni za duniani, mwanangu. Beba."

Wanaume wakainua jeneza, wakaondoka wakileta tahlili. Wanawake hawaendi makaburini. Mwahija alibaki mkekani, akisikiliza sauti zao mpaka zikapotelea minazini. Alikuwa amemwahidi mama yake. Alilia kwa uchungu wa ahadi hiyo kuliko hata wa msiba.

Wanaume walirudi na udongo mikononi. Rashidi alimpita mkewe bila kumtazama, akaenda kisimani kunawa.

Kitambo kidogo, kelele zikasikika njiani. Alikuwa Kibwana, kavaa kanzu safi, kashika udi na ubani, na nyuma yake kundi zima la watu wa Masoko aliowapitia nyumba kwa nyumba waje kumzika mama yake. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini kichwa kakiinua.

"Dada, leo nimewahi. Hata alasiri haijaadhiniwa. Yuko wapi mama, nikamwone uso?"

"Tumemzika, Kibwana."

"Mmemzika? Si ulisema adhuhuri?"

"Nilisema adhuhuri," Mwahija akajibu.

Kibwana alimtazama, kisha akautazama ule udi, kama hajui ni wa nini. "Nani kampokea?"

Rashidi akainuka kisimani, maji yakimchuruzika mikononi.

"Mimi, shemeji," akasema. "Nilifumba macho."