Waliona ucha Mungu, kumbe naumwa: OCD yangu ya udhu hapa London

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma nyuzi za wenzangu miaka mingi nikipita kimya. Leo naandika yangu, na humu hakuna chai, yaani hakuna cha kutunga. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, halafu asome.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika London miaka ya tisini mwishoni, nikapata chumba mtaa wa Harrow kwenye nyumba ya jamaa wa nyumbani, na kazi ya usafi maofisini. Kijana mzima, sina homa wala kikohozi.

Tatizo langu lilikuwa udhu.

Natawadha, nikifika miguuni kichwa kinaniuliza: una uhakika kiwiko kilishika maji? Naanza upya. Nikimaliza, labda tone limeruka kutoka sakafuni, na sakafu labda ina najisi. Naanza tena. Saa nzima bafuni kwa swala moja, watu wanagonga mlango. Mikono ikapasuka mpaka ikatoa damu, na nikiona damu naanza upya vilevile.

Sasa sikieni kituko. Wale jamaa hawakuona ugonjwa, waliona ucha Mungu. "Huyu bwana hana mchezo na dini," ndivyo walivyowaambia wageni. Wakawa wananitanguliza kuswalisha pale sebuleni. Nimesimama mbele yao moyoni nataka kulia, tukimaliza wananipa mkono na mashaallah nyingi.

Sifa zile ndizo zilizonimaliza. Nani ataenda hospitali kutibiwa kitu anachosifiwa?

Nikaoa. Mke wangu Rukia akaja, tukahamia flat yetu, tukapata binti, Salma.

Mtoto mchanga ni mkojo, wote mnajua. Na kwangu mkojo ni najisi, na najisi ni saa nzima bafuni. Nikashindwa kumbeba. Naliandika hivi hivi bila kulipamba: mtoto wangu wa damu alifikisha miezi minne sijawahi kumshika hata mara moja. Nilikuwa namwangalia kutoka mlangoni. Nilimpenda sana na nilimwogopa sana, vyote kwa pamoja.

Rukia alivumilia, halafu akachoka. Hakupiga kelele.

"Baba Salma, nakupa mpaka mtoto atambae. Kama bado humshiki, narudi Tanga na mwanangu. Sitaki akue akidhani baba yake anamwona uchafu."

Nikaenda kwa GP, daktari wetu wa mtaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema huo ni ugonjwa wa akili kumlazimisha mtu kurudiarudia jambo kwa hofu, na jina lake ni OCD. Akaniandikia dawa, akaniweka kwenye foleni ya therapist, mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, na akanipa karatasi ya support group, kikundi cha wagonjwa kusaidiana, iliyokuwa ikikutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha maktaba, palepale Harrow.

Nilitegemea kukuta wazungu watupu. Wa kwanza kunisemesha alikuwa mama wa Kihindi, sari na sweta juu, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Wote walimwita Mama Hansa. Alitazama mikono yangu, akasogeza kiti.

"Keti mwanangu. Wewe ni wa sabuni ama wa milango?"

Maana wengine pale walikuwa wanakagua kufuli mara ishirini kabla ya kutoka nyumbani.

"Wa sabuni, mama."

"Basi tuko sote. Mimi huoga mara saba kabla sijawasha taa ya miungu yangu. Nikikohoa tu, narudi bafuni."

Wakuu, nililia mbele za watu. Dini mbalimbali kabisa, ugonjwa uleule. Kumbe si dini yangu iliyoniumiza, wala yake. Ni kichwa, kimechukua kitu tunachokipenda kuliko vyote kikakigeuza fimbo ya kutuchapia.

Utaratibu wa group ulikuwa hivi. Unachagua kitu unachokiogopa kidogo, unakigusa, halafu huoshi. Unakaa na ile hofu mpaka ichoke yenyewe. Wiki inayofuata unapanda kidogo. Mimi nilianza na nepi mpya, kavu, imetoka kwenye pakiti sasa hivi. Chekeni tu, mimi nilitoka jasho.

Mama Hansa alikuwa ananipigia simu kila jioni na swali moja: "Umerudia?" Nami namuuliza yeye. Siku nyingine jibu lilikuwa ndiyo, nimerudia, na hatukugombezana.

Habari zikawafikia jamaa wa zamani. Mzee Kombo, mtu tuliyemheshimu wote, akanisimamisha baada ya swala ya Ijumaa, watu wanasikia.

"Mwanangu, siri zako unazipeleka kwa makafiri. Huo ni wasiwasi wa shetani. Njoo usomewe."

Zamani ningeinamisha kichwa. Siku ile nilikataa.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Nimesomewa mara tatu, kombe la aya nimekunywa, bado nashinda bombani. Wale hawajaniambia niache swala. Wameniambia nitawadhe mara moja tu niende kuswali, na ndivyo dini yenyewe inavyotaka."

Nikaondoka. Wengine walininunia miaka. Wanune.

Salma alikuwa na miezi saba, anajisukuma kwa tumbo, kutambaa kumebaki kidogo, Rukia alipokuwa na appointment ya viza kule Croydon, jengo la uhamiaji. Tukakaa na namba yetu mkononi. Namba ikaitwa, afisa akaonyesha kwa kidole aingie peke yake. Rukia akageuka huku na huku, hakuna wa kumwachia mtoto ila mimi, ambaye mpaka siku hiyo sijamshika. Hakuniuliza. Alimweka mapajani kwangu akaenda.

Baada ya muda nikasikia joto kwenye paja. Nepi imevuja.

Choo kilikuwa palepale nakiona. Kichwa kikapiga kelele: mpe mtoto yule mama wa pembeni, kimbia ukaoshe. Salma akanishika kidevu, akacheka.

"Siendi," nikasema, kwa sauti, mpaka jirani akanitazama.

Nikabaki. Hofu ilipanda mpaka nikadhani nitazimia. Halafu, taratibu sana, ikaanza kushuka.

Rukia aliporudi alikuta suruali imelowa na mtoto amelala kifuani kwangu. Alikaa kiti cha pembeni, akajifunika uso kwa mtandio. Tulirudi nyumbani kwa treni, na mtoto nilimbeba mimi njia nzima.

Nyumbani nilibadilisha nguo, nikaosha palipolowa, nikatawadha mara moja, nikaswali Alasiri. Kichwa kikasema udhu haukusihi. Nikaswali hivyohivyo.

Rukia hakuhama. Tanga tunaenda wote, likizo.

Sijapona kabisa, sitawadanganya. Dawa zilinisaidia, therapist alinisaidia zamu ilipofika, na siku mbaya bado zipo. Ila nilichojifunza ni hiki: mtu akikusifia kitu kinachokutesa, usikubali sifa, tafuta tiba. Na usiitafute peke yako. Mimi nilitolewa bafuni na mama asiyenijua, wa dini nyingine, kwa swali moja la simu kila jioni.

Changieni wakuu, hata wa matusi nimewazoea.

Na wewe unayesoma kimya huku mikono inakuwasha kwa sabuni, andika neno moja tu hapa chini: nipo. Jioni nitakuuliza kama umerudia. Hata ukijibu ndiyo, kesho yake nitauliza tena.