Mwalimu akiwa kwao pande za ziwa, coupling ikachorwa kwa screen yangu Mogogosiek

Wakuu, chamgei kwa watu wa huku kwetu, na salamu kwa wengine wote. Hii nimeiona na macho yangu, sina haja ya kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa mitambo kwa kiwanda kimoja cha chai pande za Mogogosiek.

Msimu wa majani mengi, asubuhi, coupling ya mashine ya kusaga ikapasuka. Hicho ni kipande cha chuma kinachounganisha mota na mashine. Kikienda, kazi inasimama.

Spare hakuna. Na malori ya majani yanaendelea kuingia.

Majani mabichi yakirundikana yanashika joto na kuharibika. Hilo ni jasho la wakulima wa hapa, mama yangu akiwa mmoja wao.

Kericho town kuna dada anaitwa Chepkoech, ana workshop ya kuchonga chuma. Akaniambia, "Nitumie drawing yenye vipimo. Bila hiyo siwezi kukata."

Sasa laptop ya ofisi ni mzee. Software ya kuchora ilikataa kuingia hapo kitambo.

Nikampigia Mwalimu Ouma, aliyenifundisha kuchora chuoni kabla hajastaafu na kurudi kwao pande za ziwa. Nilitaka ushauri tu. Alikuwa anaongea polepole sana, nikadhani ni uzee.

"Kiprono, usiinstall kitu," akasema. "Nakutumia link yenye coupling ya aina hiyo, tuibadilishe vipimo. Fungua kwa browser."

Nikafungua. Wakuu, ile laptop inayohangaika hata na email ilinionyesha coupling nzima, naizungusha na mouse kama chungwa mkononi. Mwalimu akanieleza kwamba kazi nzito inafanywa na kompyuta kubwa huko mbali, ndiyo wanaita cloud. Yangu inaonyesha picha tu.

Halafu kialama cha mouse chenye jina lake kikaanza kutembea kwa drawing yangu.

Nikasogeza kiti karibu na screen. Mtu ako kando ya ziwa, mimi niko katikati ya majani chai, na tunachora kitu kimoja. Ninaingiza kipimo, yeye anarekebisha kona.

"Hii kona ilikuwa kali," akasema. "Ndiyo ilipasuka. Iviringe kidogo."

Mvua ikaanza, network ikapotea. Nikajua kazi imeenda na maji. Nikawasha hotspot ya simu, na kila mstari ulikuwa pale tulipouacha.

Chepkoech naye alikuwa amefungua link ileile niliyomtumia, kwa simu yake, chuma tayari kwa mashine.

Mwalimu akaniuliza, "Hicho kipimo cha shimo, ulipima kipande kilichopasuka ama shafti yenyewe?"

Kilichopasuka. Na kilikuwa kimepanuka. Nikakimbia nikapima shafti, ule mhimili wa mota unaoingia kwa shimo hilo, nikabadilisha namba.

Kabla nimpigie Chepkoech, akanipigia yeye. "Naona namba ya shimo imebadilika. Nikate hii mpya?"

"Kata hiyo."

Ingekuwa drawing ya karatasi kama zamani, angekuwa ameshakata chuma vibaya.

Boda ikaleta coupling jioni jua bado liko. Iliingia kwa shafti bila kulazimishwa na nyundo. Mashine ikanguruma, majani yakaokoka karibu yote.

Nikampigia Mwalimu nimshukuru. Simu ikashikwa na mkewe.

"Amelala, amechoka," akasema. "Unajua tangu stroke, mkono wa kulia haufanyi kazi. Ule wa kushoto nao unatetemeka. Leo hata chakula alikataa mpaka mmalize."

Sikujua. Hakuniambia. Ile mistari yote iliyonyooka ilitoka kwa mkono unaotetemeka.

Kesho yake nikamweleza meneja wa kiwanda ni nani aliyetuchorea.

Siku hizi tunamtumia kazi ya kiwanda, na yeye anatuchorea akiwa kitandani kwake.

Nilichojifunza: usimhesabu mtu kuwa amemaliza kwa sababu hawezi kufika kazini. Siku hizi kazi inaweza kumfuata.

Wakuu mnaochorea kwa cloud, nyinyi mnafanyaje siku network imekataa kabisa? Na kama kuna mwalimu wako hujampigia siku nyingi, mpigie kwanza, halafu uje utuambie alisema nini.